Viunganishi na Vishazi Rejeshi katika Kiingereza cha Kuandikwa

Mwanafunzi wa Kiingereza hufundishwa mapema namna ya kuunda kishazi rejeshi, yaani fungu la maneno lenye kitendo chake ambalo hufuata jina na kulieleza kwa neno rejeshi kama vile "who", "which" au "that". Hufundishwa mapema vilevile kwamba "and", "or" na "but" ni viunganishi. Jambo asilofundishwa, aghalabu, ni lile litokealo mambo hayo mawili yanapokutana, jina moja likafuatwa na vishazi rejeshi viwili au vitatu vilivyofungwa pamoja kwa kiunganishi. Na hapo ndipo maandishi ya Kiingereza, hasa ya sheria, ya mikataba na ya taaluma, hubeba sehemu kubwa ya maana yake. Tena hapo ndipo mfasiri wa Kiswahili hupotea njia bila kujua kuwa amepotea.

Sentensi moja yatosha kuonyesha hatari hiyo. Ichukuliwe kanuni ya chuo iliyoandikwa hivi: "Students who failed the examination and who were absent from class shall report to the Principal." Kwa kawaida Kiingereza hiki hutaja kundi moja tu la wanafunzi, wale waliokusanya makosa yote mawili. Aliyeshindwa mtihani lakini hakukosa darasa haitwi. Na aliyekosa darasa lakini akafaulu mtihani haitwi pia. Sasa kanuni hiyo ifasiriwe kama wengi wanavyofasiri: "Wanafunzi walioshindwa mtihani na wasiohudhuria darasani watafika kwa Mkuu wa Chuo." Sikio la Mswahili husikia makundi mawili, walioshindwa na wasiohudhuria, na wote wameitwa. Hapana neno hata moja lililofasiriwa kinyume. Kilichovunjika ni kiungo, na kwa kuvunjika kwake wameingizwa katika hatia watu ambao mtunga kanuni hakuwakusudia.

Jambo hili ni la maandishi zaidi kuliko la mazungumzo. Msemaji ana sauti ya kupandisha na kushusha, ana kituo, ana mkono. Akiona msikilizaji hakuelewa, husema tena. Tena katika mazungumzo ni nadra jina moja kutwikwa vishazi vitatu. Mwandishi hana msaada huo. Yeye ana mkato, ana kiunganishi, na ana hiari moja ambayo thamani yake husahauliwa: kulirudia neno rejeshi au kuliacha.

Kanuni ya kale ya walimu yasema kwamba kiunganishi huunganisha vitu vilivyo sawa: jina na jina, sifa na sifa, kishazi na kishazi. Noam Chomsky, katika kitabu chake "Syntactic Structures" cha mwaka 1957, aliigeuza kanuni hiyo ikawa kipimo: mafungu mawili yakiweza kuunganishwa kwa "and" bila kuleta ukakasi, hiyo ni dalili kwamba ni mafungu ya aina moja. Kipimo hicho kilifaa sana, lakini hakikukosa matatizo. Kiingereza husema "He is a Muslim and proud of it", ambapo jina limeunganishwa na sifa, wala hakuna anayeshtuka. Mwaka 1985 Ivan Sag na wenzake watatu walionyesha kwamba mafungu ya aina mbalimbali huunganishika ilimradi kila moja lingeweza kukaa peke yake mahali pale. Na sarufi kubwa ya Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, iliyotoka mwaka 2002, imeujenga mlango wake wa viunganishi juu ya wazo hilo hilo. Usawa unaotakiwa, basi, ni usawa wa kazi, si wa umbo. Yafaa tofauti hii iwekwe akilini, maana ndiyo inayoamua ugomvi wa miaka mingi juu ya maneno mawili tu, "and which".

Ugomvi wenyewe uliandikwa kwa makini na ndugu wawili Waingereza, Henry na Francis Fowler, katika kitabu "The King's English" cha mwaka 1906. Baada ya kifo cha Francis mwaka 1918, Henry aliurudia katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1926, kitabu ambacho kwa vizazi viwili kilikuwa karibu na msahafu kwa wahariri wa Kiingereza. Katika madarasa kanuni iliyoenea ilikuwa nyepesi mno: usiandike "and which" isipokuwa "which" nyingine imekwisha kutangulia. Mwalimu aliweza kuikagua kwa jicho, bila kusoma sentensi. Akiiona "and which", alitafuta "which" ya kwanza. Asipoiona, alipiga mstari mwekundu.

Kwa kanuni hiyo sentensi kama "It was a house of great age and which nobody had repaired" ina kosa, kwa kuwa "which" yake haina mwenziwe. Lakini yapimwe maneno yaliyounganishwa. "Of great age" humfahamisha msomaji sifa ya nyumba. "Which nobody had repaired" humfahamisha sifa nyingine ya nyumba hiyo hiyo. Kila fungu lingeweza kusimama peke yake baada ya jina. Kazi yao ni moja, ijapokuwa maumbo yao ni mbalimbali. Vivyo hivyo katika "a teacher respected by all and who never raised his voice". Mwingereza mwenye sikio zuri pengine ataona mwendo wa sentensi hizi unachechemea kidogo, kwa kuwa fungu fupi limefungwa na refu. Lakini kuchechemea si kuvunjika mguu. Kifaransa huunganisha hivi bila lawama yoyote: "un homme instruit et qui parle peu" ni maneno ya kawaida kabisa, na Kilatini nacho kilikubali sifa ifuatwe na "et qui".

Kanuni ya jicho hushindwa wazi zaidi mbele ya sentensi kama "the letter I wrote and which he burned". Hapa hapana "which" ya kwanza, lakini kishazi rejeshi cha kwanza kipo. Kiingereza huruhusu neno rejeshi liachwe linapokuwa mtendwa wa kitendo: "the letter I wrote" ni sawa na "the letter which I wrote". Kwa hiyo vilivyounganishwa ni vishazi rejeshi viwili kamili, kimoja kimevaa na kimoja hakikuvaa. Anayesahihisha kwa jicho atalikuta kosa mahali ambapo sarufi hailioni.

Haki itendeke kwa ndugu Fowler: mawazo yao yalikuwa na kina kuliko kanuni iliyopewa wanafunzi kwa jina lao. Walichokitilia mkazo ni kwamba mafungu yanayounganishwa yawe ya namna moja katika jambo jingine, nalo ni jambo la msingi. Vishazi rejeshi vya Kiingereza ni vya namna mbili. Kiko kinachobagua, yaani kinachomwambia msomaji ni kipi kinachotajwa kati ya vingi. Na kiko kinachoongeza habari juu ya kitu kilichokwisha kujulikana. Katika maandishi cha pili hutengwa kwa mkato, cha kwanza hakitengwi. "The clerks who were late were fined" yasema kwamba waliotozwa ni wale tu waliochelewa. "The clerks, who were late, were fined" yasema kwamba makarani wote walitozwa, na wote walichelewa.

Sasa mwandishi akiunganisha kishazi cha namna ya kwanza na cha namna ya pili, hapo ndipo kosa la kweli linapozaliwa, hata kama "which" au "who" ziko mbili na jicho limeridhika. Sentensi "The clerk who keeps the register and who joined us last year is ill" ina sura safi. Lakini yaani karani mtunza daftari ni mmoja, na habari ya kuajiriwa kwake mwaka jana imeongezwa tu? Au watunza daftari ni wawili, na anayetajwa ni yule wa mwaka jana? Ikiwa kusudi lilikuwa la kwanza, "and" imefunga vitu visivyolingana kazi. Mwandishi angalitenga habari ya ziada kwa mikato na kuiacha "and", au angaliitoa nje ikawa sentensi yake. Hili ni kosa ambalo kanuni ya darasani haikulikamata hata siku moja, kwa kuwa ilihesabu maneno wala haikuuliza kazi yao.

Liko kosa jingine, la wazi kuliko hilo, ambalo halihitaji maelezo marefu: kiunganishi kisicho na kitu cha kuunganisha. "He lent me the book on Sunday, and which I returned on Friday" ina "and" iliyosimama katikati ya sentensi kuu na kishazi rejeshi, na viwili hivyo havina kazi moja. Wanafunzi wa Afrika Mashariki huiandika mara nyingi, na sababu si uzembe. Kiswahili kina "nacho": "Aliniazima kitabu Jumapili, nacho nikakirudisha Ijumaa." Umbo la "-cho" katika "nacho" lafanana na "-cho" ya kurejesha, na mwanafunzi hudhani kwamba akiifasiri "na" na "-cho" amepata "and which". Kumbe "nacho" ni kiwakilishi kilichoungana na "na", na fasiri yake hapo ni "and I returned it".

Turufu kubwa ya mwandishi wa Kiingereza, hata hivyo, si katika kuepuka makosa bali katika hiari iliyotajwa awali, ya kulirudia neno rejeshi au kutolirudia. Njia ni tatu. Anaweza kuandika "students who failed and were absent", neno rejeshi moja likitawala vitendo viwili. Anaweza kuandika "students who failed and who were absent", kila kitendo na neno lake. Au anaweza kurudia hata kiwakilishi cha jina: "those who failed and those who were absent". Njia ya kwanza hutaja watu wa kundi moja, wala shaka ni ndogo. Njia ya tatu hutaja makundi mawili, wala shaka haipo. Njia ya katikati huegemea upande wa kundi moja, lakini mlango wa makundi mawili haukufungwa kabisa. Na kwa sababu hiyo watungaji wa sheria walio hodari huiandama njia hii kwa maneno ya kuimarisha, kama vile "both", au huvunja sentensi ikawa vifungu vyenye herufi.

Ikiwa njia ya kwanza ni nyepesi na salama, kwa nini njia ya pili iwepo? Sababu ziko mbili, moja ya lazima na moja ya hiari.

Ya lazima ni hii. Neno rejeshi moja haliwezi kutawala vitendo viwili ikiwa kazi yake katika kitendo cha kwanza si kazi yake katika cha pili. "The book which Asha bought and Juma read" ni sentensi njema, kwa kuwa kitabu ni kitu kilichonunuliwa na kitu kilichosomwa; katika vitendo vyote viwili ni mtendwa. Lakini "the book which Asha bought and pleased her father" haikubaliki, kwa maana kitabu ni mtendwa wa kununua na ni mtenda wa kupendeza. Hapo neno rejeshi halina budi kurudi: "which Asha bought and which pleased her father". John Robert Ross, katika tasnifu yake ya mwaka 1967, aliliweka jambo la jirani katika kanuni inayojulikana mno: kitu hakiwezi kutolewa katika fungu moja la maneno yaliyounganishwa isipokuwa kimetolewa katika mafungu yote. Ndiyo maana "the book which Asha bought and Juma slept" ni upuuzi. Katika kulala kwake Juma hapana nafasi ya kitabu.

Kiswahili kina kizuizi kinachofanana na hicho, ingawa chatoka upande mwingine. Katika Kiswahili kitendo cha pili huweza kuachiwa kiambishi cha "ku-" kikaazima nyakati, mtenda na urejeshi wa kitendo cha kwanza: "kitabu alichokinunua Asha na kukisoma". Aliyesoma ni Asha. Lakini ikisemwa "kitabu alichokinunua Asha na kumpendeza baba yake", aliyempendeza baba si kitabu tena, ni Asha. Kitendo chenye "ku-" humfuata mtenda wa kwanza popote aendapo. Kwa hiyo mwandishi wa Kiswahili, sawasawa na mwenziwe wa Kiingereza, hulazimika kurudia: "alichokinunua Asha na kilichompendeza baba yake". Lugha mbili zisizo na nasaba zimefika pahala pamoja kwa njia mbili, nalo ni jambo ambalo wanaolinganisha sarufi wangefanya vema kulifuatilia.

Sababu ya hiari ni nzuri zaidi, na haikupewa heshima yake katika vitabu vya shule. Neno rejeshi linaporudiwa huwa alama ya mpaka. Ichukuliwe sentensi yenye viunganishi viwili: "a person who has been fined or imprisoned and who has appealed". Masharti ni matatu: faini, kifungo, rufaa. Swali ni kipi kimefungwa na kipi kwanza. "Who" ya kwanza imeshika faini na kifungo. "Who" ya pili imeanza fungu jipya. Maana yake ni kwamba mtu awe ametozwa faini au amefungwa, lolote katika hayo mawili, na juu ya hilo awe amekata rufaa. Sasa "who" ihamishwe: "a person who has been fined or who has been imprisoned and has appealed". Hapa rufaa imeingia ndani ya fungu la kifungo. Aliyetozwa faini amekwisha kuingia katika sheria hata kama hakukata rufaa. Neno moja dogo limehama, na haki ya mtu imehama nalo. Mhariri anayefuta "who" ya pili kwa kuwa "imerudiwa bure" hana habari kwamba amebomoa ukuta wa nyumba akidhani anafagia.

Atakayeona kwamba haya ni mambo ya chumba cha mihadhara atazame kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwezi Machi 2024. Sheria ya mwaka 2018 ilimruhusu hakimu kumpunguzia kifungo mkosaji wa makosa fulani ya madawa ya kulevya ikiwa mkosaji huyo hana mambo matatu yaliyoorodheshwa, la mwisho likiungwa kwa "and". Je, "does not have" iliyoandikwa mara moja juu ya orodha yahesabiwa kuwa imerudiwa mbele ya kila jambo, hata anayekutwa na moja tu akose msamaha? Au yakanusha mambo yote matatu kwa pamoja, hata asiwe nje ila mwenye yote? Mahakimu sita walichukua fasiri ya kwanza, watatu ya pili. Hapo hapakuwa na kishazi rejeshi, lakini mzizi wa shauri ni ule ule: neno lililoandikwa mara moja na kuachiwa litawale mafungu yaliyounganishwa, na wasomaji wasioafikiana juu ya mipaka ya utawala wake. Laiti mtunga sheria angalirudia neno lake, shauri lisingalifika huko.

Yapo pia maandishi ambayo vishazi rejeshi hufuatana bila kiunganishi chochote, na haya yasichanganywe na hayo yaliyotangulia. Katika "the people we invited who came", kishazi cha pili hakikai bega kwa bega na cha kwanza. Kimekaa juu yake. Kwanza wamechaguliwa walioalikwa, kisha kati ya walioalikwa wamechaguliwa waliokuja. Mpangilio ukigeuzwa mkazo hugeuka, hali vishazi vilivyofungwa kwa "and" huweza kubadilishana mahali na hasara ikawa ndogo.

Yote haya yana uzito kwa Kiswahili kwa sababu ya kazi iliyoko mikononi mwa wafasiri. Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria zake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na kwa hiyo sheria zilizotungwa kwa Kiingereza katika miongo mingi zahitaji kufasiriwa, zikiwa zimejaa "who", "and who" na "or who". Tatizo lililoonyeshwa katika kanuni ya chuo latokana na umbile la Kiswahili chenyewe. Kitendo rejeshi cha Kiswahili, kama "walioshindwa", kina nguvu ya jina. Chaweza kusimama peke yake: "walioshindwa wametoka". "Who failed" ya Kiingereza haiwezi kusimama hivyo. Lazima itanguliwe na "those". Kwa hiyo "walioshindwa na wasiohudhuria" husikika kama majina mawili yaliyoungwa kwa "na", sawa na "walimu na wanafunzi", wala hapana anayedhani kwamba walimu ndio hao hao wanafunzi.

Njia za kulitengeneza jambo hili ziko ndani ya Kiswahili, wala hazihitaji kuazimwa. Ikiwa mtenda ni mmoja, "ku-" yatosha, na ndiyo njia fasaha kuliko zote: "wanafunzi walioshindwa mtihani na kutohudhuria darasani". Hapo kundi ni moja bila ubishi. Ikiwa kishazi cha pili ni cha kuongeza habari tu, "naye" na jamaa zake ndio mahali pao: "karani atunzaye daftari, naye aliajiriwa mwaka jana, ni mgonjwa". Utata uliomtesa msomaji wa Kiingereza juu ya karani huyo umekwisha, maana "naye" haibagui mtu kati ya watu. Kwa sababu hiyo hiyo "naye" haifai katika sharti la sheria. "Mtu aliyetozwa faini au kufungwa, naye amekata rufaa" yaeleza tukio, haiweki sharti.

Inabaki "na ambao", pamoja na "na ambaye" na "na ambacho". Wahakiki wa Kiswahili wengi wameilaumu kuwa ni kivuli cha "and which", nzito mdomoni na ngeni masikioni. Uzito wake ni kweli. Katika hadithi au katika barua haina kazi, na anayeitumia kila mstari anastahili lawama. Lakini "amba-" ina sifa moja ambayo kitendo rejeshi cha kawaida hakina: haipendi kusimama bila jina lake. "Ambao hawakuhudhuria wametoka" haimo katika mazoea ya Kiswahili kizuri. Msikilizaji hungoja jina. Na kwa kuwa haisimami peke yake, ikija baada ya "na" hurudi nyuma kulitafuta jina lililokwisha kutajwa. "Wanafunzi walioshindwa mtihani na ambao hawakuhudhuria darasani" huelekeza kwa wanafunzi wale wale. Kwa hiyo "na ambao" hufanya katika Kiswahili kazi ile ile ya mpaka ifanywayo na "who" iliyorudiwa katika Kiingereza, na pale ambapo watenda si wamoja, "ku-" ikawa haiwezekani, mara nyingi ndiyo njia iliyo wazi kupita nyingine. Sentensi ya faini na rufaa yaweza kuandikwa hivi: "mtu aliyetozwa faini au kufungwa na ambaye amekata rufaa". Ya pili yaweza kuandikwa: "mtu aliyetozwa faini, au aliyefungwa na kukata rufaa". Katika ya kwanza "ambaye" imeweka ukuta kabla ya rufaa. Katika ya pili "ku-" imeiunga rufaa na kifungo peke yake.

Inafaa kuongezwa kwamba "au" haina mtego huo. "Wanafunzi walioshindwa mtihani au wasiohudhuria darasani watafika kwa Mkuu wa Chuo" na "who failed or who were absent" huwaita watu wale wale, yaani kila aliye na kosa moja na kila aliye na yote mawili, iwe vishazi vimehesabiwa kundi moja au makundi mawili. Mfasiri aweza kupita hapo haraka. Mahali pa kusimama ni penye "na", na hasa penye "na" inayofuatwa na kitendo rejeshi cha wingi. Maana katika umoja, "mwanafunzi aliyeshindwa mtihani na asiyehudhuria darasani", msomaji bado aweza kuokolewa na kitendo kikuu, "atafika", kinachomwambia kwamba anayetajwa ni mtu mmoja.